Tuzikinge Nyumba za Kale na Moto

Katika nchi nyingi vitu vya kale huwekwa katika nyumba ambazo nazo ni za kale. Humo mna vitabu, vyombo vya mababu na sauti za wazee zilizonaswa kwenye kanda. Nyumba hizo zina mbao nyingi katika paa na sakafu. Moto ukishika, huenea upesi.

MOTO WA BRAZILI
Katika mji wa Rio de Janeiro kulikuwa na makumbusho ya taifa yaliyoanzishwa mwaka 1818. Yalikuwa na vitu karibu milioni 20. Usiku wa tarehe 2 Septemba, 2018, jumba lake liliwaka. Wachunguzi walisema moto ulianzia kwenye mashine ya kupoza hewa. Wazima moto walifika, lakini mabomba ya karibu hayakuwa na maji ya kutosha! Ikabidi maji yatafutwe kwingine. Vitu vingi viliteketea. Ziliungua pia kanda za lugha ambazo leo hazina msemaji hata mmoja. Chungu kikivunjika, mfinyanzi hufinyanga kingine. Je, lugha hizo nani atazifufua?

MOTO WA AFRIKA KUSINI
Tarehe 18 Aprili, 2021, moto wa porini ulishuka toka mlimani hadi Chuo Kikuu cha Cape Town. Ukumbi wa kusomea wa maktaba ya Jagger uliungua, pamoja na vitabu vingi vya habari za Afrika. Lakini milango ya kukinga moto ilijifunga yenyewe. Basi moto haukufika kwenye stoo za chini. Maji ya kuzimia moto yaliingia humo, ila watu wengi walijitolea kuzitoa nyaraka zilizolowa ili zikaushwe.

TUNAJIFUNZA NINI?
Moto hushindwa kabla haujawaka. Kwa hiyo:
1. Fundi akague nyaya za umeme mara kwa mara.
2. Mabomba yajaribiwe, yaani tusingoje siku ya moto.
3. Iwepo milango ya kuzuia moto usipite chumba hadi chumba.
4. Wafanyakazi wajue vitu gani vitolewe kwanza.
5. Nakala za vitabu na kanda zikae nyumba nyingine.

Hata maktaba ndogo ya kijiji yaweza kuanza. Tuweke ndoo za mchanga mlangoni. Kibatari kisiingie penye vitabu. Na moto wa umeme tusiumwagie maji, maana umeme huua.

Tahadhari kabla ya hatari. Je, kijijini kwetu daftari za zamani zinakaa wapi, na pana nini cha kuzimia moto?