Uko UK na Off ni Siku Moja Tu? Cheki Form za Pwani ya Uingereza, na Venye Hautafungiwa na Maji

Kama uko Uingereza na maisha yako ni shift, keja, shift, hii stori ni yako. Unajua venye inakuwanga. Ulitoka JKIA ukiapa utatembea kila kona ya hiyo nchi. Sasa miezi nane imeisha, na mahali umeona ni kazini, supamaketi na stage ya basi. Mathe akipiga video call anauliza, "Na huko kunakaa aje?" Wewe unageuza simu umwonyeshe mvua kwa dirisha.

Hapana, buda. Leo tunakupea rada ya kutoka.

Kitu wasee wengi hawajui ni kwamba kwa hiyo nchi hakuna mahali bahari iko mbali sana. Kijiji kinachohesabiwa kuwa mbali zaidi na maji ya chumvi, Coton in the Elms, kiko kama kilomita 113 tu kutoka baharini. Hiyo haifiki hata Nairobi hadi Nakuru. Ina maana mahali popote umepanga, off moja inatosha kuona bahari na kurudi ulale kwako.

Lakini sikiza vizuri. Hiyo bahari si ya Nyali. Ina tabia zake, na kila mwaka kuna watu wanaenda kujibamba na hawarudi. Kwa hivyo tutakuonyesha raha, alafu tukuambie mambo ya kuchunga. Soma zote mbili.

Ukiwa London: Brighton, Southend na Margate

Brighton ndio wengi huanzia. Treni kutoka Victoria inachukua kama saa moja. Ukishuka unatembea tu ukiteremka, na bahari inakuja mbele yako. Usibebe ndoo ya mchanga ya mtoi, juu mchanga hakuna. Ufuo wote ni kokoto, kwa hivyo vaa viatu vya maana.

Pale kuna Palace Pier, gati la starehe lililofunguliwa 1899, lenye michezo na bembea juu ya maji. Kuingia na kutembea pekee si lazima uvunje benki. Kuna pia Volk's Electric Railway, katreni kadogo ka umeme kalikoanza 1883, na ndiko kakongwe zaidi duniani kanachofanya kazi bado.

Alafu cheki Royal Pavilion, jumba la mfalme George IV lenye kuba utadhani uko India. Watu hupiga picha nje na kuenda, bila kujua kwamba wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia jumba hilo liligeuzwa hospitali ya wanajeshi wa India waliojeruhiwa wakipigania Waingereza. Ukisimama pale, kumbuka hao pia walikuwa watu wa kutoka mbali, kama wewe.

Southend nayo iko Essex, kama saa moja kwa treni. Pale kuna gati la kilomita 2.16, refu kuliko magati yote ya starehe duniani. Ukichoka kutembea, kuna treni inapita juu ya gati lenyewe. Unajua kwa nini walijenga refu hivyo? Maji yakipwa pale yanarudi nyuma karibu maili moja na kuacha tope tupu, kwa hivyo meli zilikuwa zinashindwa kufika. Weka hiyo akilini, tutairudia.

Margate, kule Kent, ina mchanga wa ukweli. Pia ina jumba la sanaa la Turner Contemporary, lililofunguliwa 2011, na kuingia ni bure. Mvua ikianza, unajificha hapo ndani ukijifanya unaelewa michoro.

Ukiwa kaskazini: Blackpool na Whitby

Wasee wa Manchester, Liverpool na Leeds, msisikie wivu. Blackpool ni yenu.

Huu mji ulikuzwa na watu wa kazi. Reli ilipofika karne ya 19, wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire walikuwa wanapata wiki moja ya kupumzika, kiwanda kinafungwa, na mtaa mzima unapanda treni kuelekea baharini. Mwaka 1871 serikali ikapitisha sheria ya sikukuu za benki, hizo mnaziita bank holiday, na watu wakazidi kumiminika. Kwa hivyo ukienda Blackpool na off yako moja, unafanya tu kile watu wa shift wamekuwa wakifanya pale kwa zaidi ya miaka 100.

Mnara wa Blackpool ulifunguliwa 1894, una mita 158, na waliiga Eiffel ya Paris bila aibu. Kuna magati matatu, kuna tramu ya ufuoni, na kuna Pleasure Beach kama unapenda kupigishwa nduru na bembea. Lakini kitu cha bure kabisa ni taa. Tangu 1879 mji huu umekuwa ukiwasha taa za barabarani kwa mbwembwe wakati wa msimu wa baridi kuanza. Siku hizi zinanyooka kama kilomita 10 kando ya bahari. Jioni ya Oktoba, giza likiingia mapema na moyo ukiwa umenuna, hizo taa hukupea nguvu.

Ukitaka kitu kimetulia, enda Whitby, Yorkshire. Ni mji wa wavuvi wenye ngazi 199 za mawe zinazopanda hadi magofu ya abasia. Bram Stoker alitumia mji huu kwa kitabu chake cha Dracula cha 1897, kwa hivyo usishangae kuona watu wamevaa nguo nyeusi kama wanaenda matanga. Meli ya Endeavour, ambayo Kapteni James Cook alisafiria, iliundwa hapo pia.

Nunua samaki na chips, weka chumvi na siki, ukae kwa benchi. Alafu chunga shakwe. Wale ndege ni wakora kuliko wezi wa simu wa Nairobi, wanakunyang'anya chips mdomoni na hawaombi msamaha.

Miamba myeupe: piga picha, lakini usisimame ukingoni

Kati ya Brighton na Eastbourne kuna Seven Sisters, ile miamba myeupe unaionanga kwa sinema. Basi nambari 12 kutoka Brighton inakupitisha karibu. Mbele kidogo iko Beachy Head, mwamba wa chaki wenye mita 162, mrefu kuliko yote ya aina yake Uingereza.

Sasa hapa ndio tunataka masikio yako. Chaki ni laini. Bahari inaila kutoka chini, na ule ukingo unaouona umejaa nyasi unaweza kuwa umebaki hewani bila kitu cha kuushikilia. Unaporomoka bila onyo. Watu wamekufa pale wakitafuta selfie. Kaa angalau mita 5 kutoka ukingoni, na usilale chini ya mwamba ukiota jua, juu mawe yanaanguka pia. Picha kali zaidi ya Seven Sisters hupigwa kutoka mbali, upande wa Seaford Head. Huko hauhitaji kuhatarisha maisha.

Kule Dorset na Devon kuna Jurassic Coast, kama kilomita 150 za ufuo zilizowekwa kwa orodha ya UNESCO 2001. Ndio nyumbani kwa Durdle Door, lile tao la mwamba lililosimama majini. Mji wa Lyme Regis ndio Mary Anning alizaliwa 1799. Alikuwa mtoi wa familia maskini aliyeokota visukuku ufuoni ili kuuza. Akiwa bado mdogo, yeye na kakake walifukua mabaki ya mnyama wa bahari wa zamani za kale, na 1823 akapata mwingine mzima mzima. Wanasayansi walitumia kazi yake, lakini chama chao hakikumruhusu kuwa mwanachama kwa sababu alikuwa mwanamke. Leo wewe pia unaweza kuokota visukuku vilivyolala ufuoni pale Charmouth na kubeba nyumbani. Usichimbe tu mwamba.

Maji ya kujaa na kupwa: hapa ndio watu hupotelea

Ukiwa umekulia Mombasa ama Lamu, unajua bamvua na maji mafu. Ukiwa umekulia Kayole ama Kitale, hebu tuelezane.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Kwa hivyo saa ya jana si ya leo. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa zaidi na kupwa zaidi, hiyo ndio bamvua. Sasa upande wa Bristol Channel, karibu na Weston-super-Mare, tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita 12 wakati wa bamvua. Hiyo ni kama ghorofa nne. Na ufuo ukiwa tambarare, maji hayapandi tu, yanakuja mbio na kukuzunguka kutoka nyuma. Unashtuka uko kwa kisiwa cha mchanga.

Mfano mzuri ni Lindisfarne, kisiwa kitakatifu cha Northumberland ambacho Waviking walishambulia mwaka 793. Unafika kwa barabara inayomezwa na bahari mara mbili kila siku. Hata basi ya kuenda huko hufuata ratiba ya maji. Saa salama za kuvuka zimebandikwa pale na ziko mtandaoni, na bado kila mwaka kuna dereva anasema "nitafika tu", alafu anaokolewa akiwa juu ya gari. Wamejenga hadi kibanda juu ya nguzo cha kukimbilia ukishikwa. Usitegemee hicho kibanda. Tegemea ratiba.

Na kuna stori moja haifai kusahaulika. Usiku wa Februari 5, 2004, katika ghuba ya Morecambe, wahamiaji kutoka China waliokuwa wakiokota kombe mchangani walizungukwa na maji gizani. Angalau 21 walikufa. Walikuwa watu waliokuja kutafuta, wakapelekwa kazini mahali hawakujua, na aliyewapeleka akahukumiwa baadaye kwa vifo vyao. Baada ya hapo Uingereza ilipitisha sheria ya kuwapa leseni wanaopeana vibarua wa aina hiyo. Hawa watu hawakuambiwa. Wewe umeambiwa. Ukitaka kuvuka ile ghuba kwa miguu, kuna matembezi yanayoongozwa na watu wanaoijua. Peke yako, wacha.

Maji ni baridi, si mchezo

Mombasa, maji hayashuki sana chini ya nyuzi 25. Uingereza, wastani wa mwaka ni kama 12. Ukiruka kwa maji ya baridi hivyo, mwili unashtuka, unavuta pumzi ghafla, na kama kichwa kiko chini unavuta maji. Hata anayejua kuogelea anaweza kuzama hivyo.

Ikikupata, usipigane na maji. Lala chali, masikio ndani ya maji, tanua mikono, elea. Baada ya dakika moja na nusu hivi pumzi inarudi, ndio uite msaada au uogelee.

Ogelea katikati ya bendera za nyekundu na manjano, hapo ndio walinzi wanaangalia. Bendera nyekundu tupu maana yake usiingie. Mvua kubwa ikitoka kunyesha, ahirisha kuogelea, maana kuna mahali maji taka humwagika baharini. Ukiona mtu anazama, usimfuate. Piga 999 uulize Coastguard. Ni bure, na makaratasi yako hayahusiani na kuokolewa kwako. Mashua za uokoaji za RNLI, shirika la hisani lililoanza 1824, zinatoka kuokoa mtu yeyote bila kumlipisha.

Ganji sasa

Treni ya dakika ya mwisho ya asubuhi ya kazi itakumaliza. Nunua tiketi mapema, au subiri saa za msongamano zipite. Ukiwa na miaka 16 hadi 25, au mwanafunzi wa full-time wa umri wowote, kuna Railcard inayokata theluthi moja ya nauli. Mkiwa mbogi ya watu 3 hadi 9, kampuni nyingi zina GroupSave inayokata theluthi pia. Mabasi mengi England, nauli ya kwenda pekee haizidi pauni 3 tangu Januari 2025. Beba chai kwa flaski na chapo kwa mfuko, hakuna mtu atakuuliza.

Cheki vitu vitatu kabla ya kutoka: hali ya hewa, saa za maji, na treni ya mwisho ya kurudi. Jumapili hasa, reli ikitengenezwa wanaweka mabasi badala ya treni na safari inarefuka. Desemba saa kumi jioni ni giza. Juni jua liko hadi karibu saa nne usiku. Ukiweza kuchagua off, chagua ya Juni.

Alafu ukifika, kabla hata ununue chips, pigia mathe video call. Geuza simu, umwonyeshe bahari.