Hospitali Kwanza, Polisi Baadaye

Mwanamke akibakwa usiku Kawangware, Nairobi, wanaomtakia mema humwambia mambo mawili: oga, kisha nenda polisi. La kwanza linafuta ushahidi, la pili linamcheleweshea dawa. Katika kazi yangu ya ushauri nasaha nimewapokea wengi waliofika siku ya nne au ya tano, namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, wanayo, lakini muda wa dawa za kuzuia HIV umeshapita.

Mwili ndio wa kutangulizwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV, ziitwazo PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri unavyochelewa ndivyo kinga inavyopungua. Humezwa kwa siku 28 bila kuruka hata moja. Tembe za dharura za kuzuia mimba hutumika hadi saa 120, nazo pia afadhali zimezwe mapema. Juu ya hizo kuna antibiotiki za magonjwa ya zinaa na chanjo ya homa ya ini aina ya B. Huhitaji P3, ile fomu ya polisi ya uchunguzi wa kitabibu, ili utibiwe, na yeyote anayekuambia urudi polisi kwanza anakunyima haki yako. Kanuni za matibabu za 2012, zilizotungwa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, zinampa manusura matibabu ya bure katika hospitali za umma.

Kwa mtu wa mjini au mitaa ya magharibi, Hospitali Kuu ya Kenyatta na ile ya Mbagathi haziko mbali. Matatu za 46 zitokazo Kawangware hupita Hurlingham, ambako Nairobi Women's Hospital, ya kibinafsi, ilianzisha kituo cha manusura mwaka 2001.

Usioge, usifue. Kama umeshabadilisha nguo, zitie kwenye mfuko wa karatasi, hata ule wa kaki wa dukani, kwa sababu ndani ya plastiki unyevu hubaki, nguo zikaota ukungu na ushahidi ukaharibika. Na kama umeshaoga, nenda hivyo hivyo. Daktari au muuguzi ataeleza kila hatua kabla ya kukugusa, na una ruhusa ya kukataa hatua yoyote. Anayoyaona huyaandika katika fomu ya PRC (Post Rape Care), yenye nakala tatu. P3 itajazwa baadaye, na hiyo PRC ndiyo itakayoitegemeza.

Swali linalowaumiza manusura kuliko yote huulizwa nyumbani: mbona hukupiga kelele? Hofu ikizidi, mwili huganda. Sauti haitoki, mikono haisogei, na mtu hupata fahamu kamili mambo yakiwa yameisha. Hali hiyo inajulikana vyema kitabibu, na haina maana kwamba aliridhia. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinasema kuridhia ni kukubali kwa hiari, ukiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Wanaume na wavulana wanalindwa na sheria iyo hiyo, ingawa wengi wao hawaji kabisa, na hilo linanisikitisha sana.

Wengine hukata tamaa kwa kuwa hapakuwa na shahidi. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa maneno ya manusura peke yake, akiridhika kwamba anasema kweli na kuandika sababu zake. Adhabu ya ubakaji huanzia kifungo cha miaka kumi na inaweza kufika maisha.

Basi dada yako, mwanao au jirani akikueleza, usimhoji. Mwamini, mtafutie gari, kaa naye kwenye foleni, kisha mrudishe kwa ushauri nasaha hata wiki kadhaa baadaye, maana usingizi na hamu ya chakula hukawia kurejea. Piga 1195, nambari ya msaada kwa manusura wa ukatili wa kijinsia, bila malipo, saa yoyote. Kwa mtoto, piga 116.