Boma la Karema

Ukitoka Mpanda na kushika njia ya kusini magharibi, baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 100 utafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mji wenyewe si mkubwa, na mgeni aweza kuupita bila kuuliza neno. Lakini asili yake ni boma la udongo, na habari za boma lile zafaa kujulikana na watoto wa nchi hii.

Mwaka 1876 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliunda Chama cha Kimataifa cha Afrika. Chama kilitaka vituo katika njia itokayo pwani kwenda bara, ili wasafiri wapate kupumzika na kuweka mizigo yao. Hivyo ndivyo kilivyosema. Baadaye ilidhihirika kwamba mfalme alikuwa akijitafutia nchi ya kutawala. Basi, Kapteni Ernest Cambier alifika Karema mwezi wa Agosti mwaka 1879, akaanza kujenga boma juu ya kilima, karibu na maji.

Karibu na maji, naam, lakini ziwa lilikuwa limekwisha kuanza kuondoka. Ng'ambo, penye mji wa Kalemie, ndipo utokapo mto Lukuga, nao ndio mto pekee unaoyachukua maji ya ziwa hili kuelekea mto Kongo. Zamani mlango wake ulikuwa umezibwa kwa mchanga na majani, na ziwa likajaa sana. Karibu na mwaka 1878 kizuizi kile kilibomoka, maji yakatoka kwa nguvu, na ziwa likaendelea kushuka mwaka hata mwaka. Chini ya boma, palipotazamiwa kuwa bandari, pakawa tope na matete.

Mwaka 1885, baada ya mataifa ya Ulaya kufanya mkutano wao Berlin, upande huu wa ziwa ulihesabiwa kuwa wa Wajerumani. Leopold akaliacha boma, na wamisionari walioitwa Mapadre Weupe wakalipokea. Siku zile watumwa walikuwa wakingali wanauzwa ziwani. Watoto waliokombolewa, na watu waliokimbia vita, wakapata makao hapo. Wakalima, wakaoa, wakajenga nyumba zao. Ndivyo ngome ya askari ilivyopata mji.

Miongoni mwa wenyeji wa mji huo alikuwako Adrien Atiman. Huyu alizaliwa mbali sana, Afrika ya magharibi, upande wa mto Niger. Aliibwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa, mpaka mapadre walipomkomboa huko Algeria. Wakampeleka kisiwa cha Malta kusoma uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, akawatibu watu wa ziwani mpaka alipokufa mwaka 1956. Miaka 67! Wengi wa wagonjwa wake wa kwanza walikuwa wameuzwa kama yeye. Hakuhitaji kuelezwa habari zao.

Sasa fikirini habari ya kuta. Ukuta wa udongo ni imara sana maadamu u mkavu. Adui zake ni maji na mchwa. Mvua hupiga juu, ikilowesha kichwa cha ukuta. Matone hurukia chini na kuula mguu wake. Mchwa hupanda ndani kwa siri na kutafuna boriti. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya mvua, yapasa mtu aezeke upya palipovuja, akandike nyufa, na kuzibua mfereji ili maji yasisimame ukutani. Kazi hiyo haifanywi na mpita njia; hufanywa na mtu alalaye humo. Kama boma lile lingeachwa tupu mwaka 1885, paa lingeanguka kwanza, kisha masika mawili matatu yangetosha kulifanya kichuguu.