Je, Wajua? Gesi ya AC ya Gari Haiishi

Petroli huchomwa ikaisha. Gesi ya AC haichomwi. Inazunguka kwenye mabomba yaleyale miaka nenda, miaka rudi. Ikipungua ghafla, ujue inavuja. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu amekualika urudi mwezi ujao.

Tundu hujisaliti lenyewe. Gesi husafiri pamoja na mafuta ya kulainisha kompresa, hivyo palipovuja huonekana doa la mafuta lililonasa vumbi. Chungulia kwenye maungio ya mabomba, na kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, inayopigwa kokoto kila siku. Pasipoonekana kitu, fundi hutia rangi maalumu ndani ya mfumo, kisha humulika kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno. Mvujo hung'aa kama macho ya paka gizani.

Gesi ikipungua mno, swichi ya presha huizuia kompresa isiwake. Ule mlio wa “tik” unapowasha AC husikii tena. Hapo ndipo wengi huuziwa kompresa mpya, bure kabisa!

Gesi ya R134a, iliyomo kwenye AC za magari mengi, huchemka kwenye nyuzi 26 za Selsiasi chini ya sifuri. Ikikurukia kidoleni, ngozi huganda. Nati za mabomba mwachie fundi.

Na yale maji yanayodondoka chini ya gari? Ni unyevu wa hewa tu, si ubovu. Yakilowesha zulia miguuni pa abiria, kibomba cha kutolea maji kimeziba. Kizibuliwe.