Uvimbe wa Kongosho: Pesa Iende Wapi Kwanza?

Mama wa makamo anakwenda kupima mawe ya nyongo kwa utrasaundi, anarudi na habari nyingine: kwenye kongosho pana uvimbe wenye maji. Nyumbani wanaanza kuulizana operesheni ni shilingi ngapi. Swali hilo limewahi mno. La kwanza ni uvimbe wa aina gani, maana kuna wa kukatwa na kuna wa kuachwa.

Ule wa maji mepesi, serasi sistadenoma, karibu kila mara si saratani. Usipoleta maumivu, huachwa. Ule wa ute, unaowapata zaidi wanawake na kukaa sehemu ya kati au mkiani mwa kongosho, unaweza kugeuka saratani. Uvimbe wa Frantz, ulioelezwa mwaka 1959, ni adimu na huwapata hasa wanawake vijana. Ukikatwa, wengi hupona kabisa. Na aliyewahi kuugua kongosho anaweza kuwa na kifuko cha maji tu.

Utrasaundi ya kawaida ni nafuu, ila gesi ya tumbo hulificha kongosho. CT huona zaidi. MRI huonyesha vizuri mrija wa kongosho, tena haina mionzi, jambo kubwa kwa atakayepimwa miaka na miaka. Picha zikiacha shaka, mimi ningelipia endoskopi yenye utrasaundi, ghali kama ilivyo. Sindano huvuta maji ya uvimbe, na tone lake likivutika kati ya vidole kama ute wa bamia, hiyo ni dalili ya aina ya ute. Sukari ya maji hayo ikiwa chini ya miligramu 50 kwa desilita, dalili inazidi nguvu. Kipimo hicho cha sukari ni rahisi, basi kiulizie kabla ya kulipia vya maabara kubwa.

Ikibidi kukata, uvimbe wa mkiani ni kazi nyepesi kuliko wa kichwani. Uliza kama wengu litaokolewa. Likiondolewa, chanjo zinahitajika, na ni vyema zitangulie wiki 2. Wa kichwani huhitaji operesheni ya Whipple: kichwa cha kongosho, duodeni na sehemu ya mrija wa nyongo hutolewa, kisha njia huunganishwa upya. Makadirio ya hospitali huenda yasitaje siku za ziada wodini maji ya kongosho yakivuja, wala insulini na vidonge vya vimeng'enya baadaye.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulikuta vifo vya upasuaji wa kongosho ni asilimia 16.3 kwenye hospitali zinazofanya kazi hii mara chache sana, na 3.8 kwenye zinazoifanya mara nyingi sana. Kwa hiyo muulize daktari wa upasuaji, bila kuona haya: mwaka jana mlifanya ngapi? Jibu likiwa moja au mbili, nauli ya kwenda mbali si hasara. Ukienda, beba picha zenyewe kwenye CD pamoja na ripoti, usije ukatozwa CT ya pili.