Mchezo Uliogeuka Kitabu, na Shujaa wa Ng'ambo ya Mpaka

Usiku katika kijiji cha Katunguru si wakati wa watoto kuzurura. Giza likishaingia, viboko hutoka katika mfereji wa Kazinga, ule uunganishao Ziwa George na Ziwa Edward, wakapanda hadi kando ya nyumba kula majani. Na kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi majini hana simile na mtu. Kwa hiyo ngege wakishaliwa na vyombo vikishaoshwa, watoto wa wavuvi hawana budi kukaa ndani. Zamani saa hizo zilikuwa za hadithi. Siku hizi, nyumba ikiwa na simu moja, vichwa vitatu huinamia kioo kimoja, na kinachotazamwa aghalabu ni vita vya wafalme, mazimwi na panga zitoazo moto.

Wazazi wengi, wa Katunguru kama wa Kasese mjini na wa Bwera mpakani, hunung'unika kwamba michezo hiyo imewanyang'anya watoto hamu ya kusoma. Manung'uniko hayo yana haki yake, lakini hayakutimia. Mchezo nao waweza kuzaa kitabu, na mtoto asiyetaka kushika kitabu cha shule aweza kukishika hicho kwa mikono miwili, kwa kuwa watu waliomo amekwisha kuwajua.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1994 huko Marekani ulitolewa mchezo wa kompyuta uitwao Warcraft, ambao baadaye ulichezwa na mamilioni ya watu duniani. Katika sehemu yake ya tatu, iliyotoka mwaka 2002, mnasimuliwa habari za mwanamfalme Arthas, na mwaka 2009 mwandishi Christie Golden alizifanya habari hizo kuwa riwaya kamili. Arthas mwanzoni ni kijana mwema. Nafaka yenye tauni inasambazwa katika ufalme wa baba yake, na kila aliyeila hufa, kisha huinuka akiwa maiti itembeayo. Kwa kutaka kuwaokoa wengine, Arthas awaua raia wa mji mzima wa Stratholme. Halafu asafiri hadi nchi ya barafu kuutafuta upanga wa ajabu. Upanga wampa nguvu, nao wamtwalia roho. Arudi kwao akipokewa kwa maua, aingia barazani, na hapo mbele ya kiti cha enzi amwua baba yake mzazi.

Hakika si hadithi ya kumbembelezea mtoto mchanga. Lakini kijana wa miaka kumi na mitano akiisoma atakutana na swali zito: ni wapi hasa mtu mwema alipoanza kupotea? Katika mchezo, kidole chabonyeza na adui aanguka. Katika kitabu, msomaji hulazimika kukaa ndani ya moyo wa muuaji na kusikia visingizio vyake kimoja kimoja. Hiyo ndiyo faida ya kitabu, hata kama majina yake ya kigeni ni mengi kupita kiasi.

Wala desturi ya kutoa riwaya ya maajabu katika mchezo haikuanza na kompyuta. Mwingereza Lewis Carroll, ambaye kitabu chake cha kwanza juu ya msichana Elisi kilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1940, alikiandika cha pili mwaka 1871 kwa kufuata mchezo wa sataranji, na msichana huyo akawa kete mojawapo ubaoni.

Hata hivyo sisi hatuna haja ya kwenda Uingereza. Vuka mpaka pale Mpondwe, karibu na Bwera, uingie Kasindi, kisha upite nchi ya Wanande, ambao ni ndugu wa damu na lugha wa Wakonzo wetu. Mbele yao, katika misitu ya Walikale, wanakaa Wanyanga. Huko, mwaka 1956, mzee Rureke alimsimulia mtaalamu Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo. Alisimulia, akaimba na kucheza ngoma kwa muda wa siku 12, na maneno yake yakaandikwa kwa mkono. Mwaka 1969 utendi huo ulitolewa kuwa kitabu na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, ambaye mwenyewe ni Mnyanga.

Mwindo ni mwana wa Shemwindo, mtemi wa Tubondo, aliyewaamuru wake zake wazae mabinti tu. Alipozaliwa mtoto wa kiume, tena akiwa anasema na kutembea, ameshika mgwisho wake uitwao conga, baba alimrushia mkuki, akamzika hai, na mwisho akamfungia ndani ya ngoma na kumtosa mtoni. Ngoma ilielea hadi kwa shangazi yake, Iyangura. Mwindo aliporudi Tubondo na jeshi la wajomba zake, baba alitoroka akashuka kuzimu, na mwana akamfuata huko huko.

Hapa msichezee maneno yangu, akina mama: kijana yeyote aliyezoea michezo ya simu atadhani habari hii imetungwa jana. Mlangoni Mwindo akutana na Kahindo, msichana mwenye vidonda. Amwosha, na msichana kwa shukrani ampa siri ya kukikataa kiti na chakula atakavyokaribishwa na baba yake, Muisa. Muisa naye ampa kazi zisizowezekana: alime shamba la migomba likomae siku ile ile, kisha apande mti kurina asali. Akishinda moja, apewa nyingine. Hatimaye afika kwa Sheburungu, nao wacheza wiki, mchezo wa kubahatisha wa mbegu. Mwindo ashindwa mali yake, ashindwa watu wake, amshindwa hata shangazi yake. Amebakiwa na mgwisho tu. Auweka rehani, na kwa huo arudisha vyote, akiwamo baba aliyekuwa akimtafuta.

Sasa tazama tofauti. Arthas amwua baba asiye na kosa. Mwindo, aliyetendewa ukatili na baba, amrudisha nyumbani salama, na mbele ya mkutano wa watu Shemwindo akiri makosa yake. Kisha ufalme wagawanywa kati yao. Kijana aliyesoma hadithi zote mbili hahitaji kuhubiriwa zaidi.

Baadaye Mwindo amwua zimwi Kirimu, rafiki wa Nkuba ambaye ni radi, na kwa kosa hilo apelekwa mbinguni mwaka mzima. Huko ateswa na mvua, jua na baridi, kisha akatazwa asiue tena mnyama yeyote. Watoto wa Katunguru, ambao wamezungukwa na hifadhi ya wanyama pande zote, watakuwa na maneno mengi juu ya sehemu hiyo, na si yote yatakayomwunga mkono Nkuba.

Kitabu cha mwaka 1969 kina maneno ya Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza. Mzazi, au kaka aliyesoma sekondari, aweza kukipitia mapema na kukisimulia kwa Kikonzo au Kiswahili kidogo kidogo kila jioni. Jioni ya kwanza iwe ya ngoma mtoni. Ya pili, vita vya Tubondo. Ya tatu, Kahindo na kazi za Muisa. Mchezo wa wiki upewe jioni yake peke yake, na msimulizi anyamaze pale Mwindo alipobakiwa na mgwisho tu, awaambie watoto wakalale.