Feni ya rejeta: hitilafu ndogo inayokula faida ya msimu

MFANYABIASHARA mdogo anayeweka akiba yake katika gari kuukuu la kubeba abiria na mizigo kati ya Nkowe, Ruangwa mjini na Nachingwea, kwa kawaida hupiga hesabu ya mafuta, matairi, bima na malipo ya dereva. Ni wachache wanaoziweka katika hesabu hiyo nyaya mbili zinazokwenda kwenye feni ya rejeta. Hata hivyo, nyaya hizo zinaweza kuamua iwapo gari litamaliza msimu likiwa barabarani au litaumaliza likiwa gereji, injini imefunguliwa.

Uzito wa jambo hili unatokana na namna fedha zinavyoingia katika ukanda huu. Reli iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni, na kufika Nachingwea, ilifungwa mwaka 1962. Tangu hapo magunia na abiria hutegemea barabara. Aidha, biashara huja kwa vipindi. Ufuta huingia sokoni katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, kisha korosho kuanzia Oktoba. Mazao hayo huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Wakulima wakilipwa, safari za benki na madukani huongezeka. Gari lililolala gereji wiki hiyo haliwezi kufidia hasara yake mwezi Februari.

Dalili inayotofautisha

Katika malori na pikapu nyingi za zamani, feni huzungushwa na injini yenyewe, mara nyingi kwa mkanda. Katika magari kama Toyota Corolla, Carina na Probox, feni huzungushwa na mota ya umeme wa betri. Kazi yake ni kuvuta hewa kupita kwenye rejeta pale gari linaposimama au kwenda polepole. Gari likiwa katika mwendo mzuri, upepo wa safari hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Hapo ndipo penye dalili ya kwanza. Gari ambalo mshale wa joto hupanda likisubiri abiria stendi au likipita taratibu kwenye tope, kisha hushuka likishika kasi, linaelekeza lawama kwenye feni na nyaya zake. Gari linalochemsha hata likiwa kwenye kasi, lina uwezekano mkubwa wa kuwa na rejeta iliyoziba, maji yanayovuja, pampu mbovu ya maji au thamostati iliyoganda. Mmiliki anayeijua tofauti hii haanzi kwa kununua rejeta ambayo haikuwa mbovu.

Umeme wa feni unavyosafiri

Umeme mwingi hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, kisha rilei, halafu mota, na kurudi kwenye betri kupitia athi, yaani waya uliofungwa kwenye bodi ya gari. Rilei ni swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili kuruhusu au kukata umeme mkubwa. Umeme huo mdogo hutawaliwa na swichi ya joto iliyozama kwenye maji ya injini au, katika magari mapya zaidi, na kompyuta ya gari inayosoma sensa ya joto.

Mafundi wengi hupotea kwenye swichi hiyo, kwa kuwa magari hayafanani. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990, swichi huwa imefunga njia ya umeme injini ikiwa baridi, na huikata maji yakifika karibu nyuzi 93 za Selsiasi. Umeme mdogo ukikatika, rilei huachia na feni huzunguka. Mfumo huo ulikusudiwa kulinda injini: waya wa swichi ukikatika, feni huzunguka muda wote. Magari mengine, yakiwamo mengi ya Ulaya, hufanya kinyume. Swichi hufunga njia maji yakipata moto, na waya ukikatika, feni hailii kabisa.

Kwa hiyo, kipimo kilicho sahihi kwa gari moja kinaweza kumdanganya fundi kwenye gari jingine. Swali la kwanza la kumuuliza fundi ni iwapo anajua swichi ya gari hilo ni ya aina gani.

Hatua za kupima

Kabla ya kugusa chochote, injini iachwe ipoe, na kofia ya rejeta isifunguliwe ikiwa ya moto. Kofia nzima huyashikilia maji kwa shinikizo, hivyo maji huweza kuvuka nyuzi 100 bila kuchemka, na hulipuka usoni kwa anayeifungua. Vidole navyo visikaribie feni, kwani katika baadhi ya magari inaweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa.

Hatua ya kwanza ni fyuzi. Ikiwa imeungua, sababu itafutwe kabla ya kuweka nyingine. Mota iliyokaza beringi huvuta umeme mwingi, na waya uliochubuka ukigusa bodi huunguza fyuzi papo hapo. Kuweka fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko ni kuuhamishia moto kwenye waya.

Hatua ya pili ni mota yenyewe. Plagi yake ichomolewe na mota ipewe umeme wa betri kwa nyaya nene zenye fyuzi, kwa kufuata upande sahihi wa chanya na hasi. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima na pesa ya kununua nyingine ibaki mfukoni. Ikizunguka kwa kusitasita, au ikianza tu baada ya kugongwa, makaa yake yamekwisha.

Hatua ya tatu ni swichi ya joto. Kwenye Toyota za aina iliyotajwa, plagi ya swichi huchomolewa ufunguo ukiwa umewashwa na injini ikiwa baridi. Feni ikianza kuzunguka, basi fyuzi, rilei, mota na nyaya kubwa zinafanya kazi, na kinachoshukiwa ni swichi au maji pungufu yasiyoifikia swichi hiyo. Kwa gari la aina ya kinyume, ncha za plagi ndizo huunganishwa kwa kipande cha waya.

Hatua ya nne ni rilei. Mafundi hupenda kuazima rilei ya honi ili kujaribu. Ni njia nzuri iwapo rilei zote mbili zina namba moja na mchoro mmoja ubavuni. Rilei ya feni ya Toyota nyingi za zamani huruhusu umeme ikiwa imepumzika, ilhali ya honi huruhusu ikiwa imeamshwa. Zikibadilishwa bila kuangalia, feni itazunguka injini ikiwa baridi na kusimama ikipata moto.

Hatua ya mwisho, ambayo hurukwa mara nyingi, ni kupima umeme unaopotea njiani feni ikiwa inazunguka. Tuchukue mfano wa betri inayoonyesha volti 12.5 huku kwenye plagi ya feni zikifika volti 10.5. Volti 2 zimepotea kwenye kiungo kibovu. Kama mota inavuta ampea 15, kiungo hicho kinatoa joto la wati 30, sawa na pasi ndogo ya kulehemu. Ndiyo sababu plagi huyeyuka bila fyuzi kuungua. Kipimo hicho kirudiwe upande wa athi, kwani bolti yenye kutu husababisha hasara ileile.

Hatari ya 'dairekti'

Fundi aliyeshindwa kuona tatizo hushauri feni iungwe 'dairekti', ama izunguke kila ufunguo unapowashwa au iwashwe kwa swichi iliyobandikwa chini ya dashibodi. Kama njia ya kulifikisha gari nyumbani, haina ubaya, mradi waya uwe mnene na uwe na fyuzi karibu na betri. Kama matengenezo ya kudumu, ni mkopo wenye riba.

Mota inayovuta ampea 15 hula takriban wati 200 mfululizo. Makaa yake huisha mapema na oltaneta hubeba mzigo usiokoma. Swichi ndogo ya dashibodi isiyo na rilei huungua kwa umeme huo. Mbaya zaidi, usalama wa injini hubaki mikononi mwa mtu anayeweza kusahau, na siku akisahau, silinda hedi hupinda na gasketi yake huungua.

Hesabu ya mmiliki

Tuseme, kwa mfano tu, gari humbakizia mmiliki Sh 30,000 kwa siku. Siku 14 za kusubiri gasketi, kusaga hedi na kufunga injini ni Sh 420,000 zilizopotea kabla ya kulipa fundi wala vipuri. Rilei, swichi ya joto au kipande cha waya na plagi haviko kwenye daraja hilo la gharama. Kila mmiliki anaweza kuweka tarakimu zake na kupata jibu linaloelekea upande huohuo.

Hata hivyo, hasara nyingi haianzii kwenye waya. Huanzia kwenye makubaliano. Dereva anayedaiwa hesabu kila jioni, liwe jua au mvua, ana sababu ya kuongeza maji na kuendelea na safari hata mshale ukipanda. Mmiliki aliye mbali hupata habari injini ikishakufa. Wamiliki wanashauriwa kuandika katika makubaliano kwamba siku ambayo dereva amesimamisha gari kwa sababu ya joto, na fundi akathibitisha, hesabu haidaiwi. Siku moja iliyosamehewa ni nafuu kuliko hedi.

Kwa anayetaka kununua gari kuukuu, kipimo cha awali hakihitaji muda mrefu. Gari lianze likiwa baridi, likae likiunguruma mahali pamoja kiyoyozi kikiwa kimezimwa, na feni isubiriwe iwake na kuzima yenyewe angalau mara mbili. Swichi ya ziada chini ya dashibodi, nyaya za rangi ngeni zilizofungwa tepu, fyuzi kubwa kuliko maelezo na gundi mpya kwenye kingo za hedi ni hoja za kupunguza bei au kuondoka.

Wenye magari tayari wafanye vipimo hivi kabla ya minada ya ufuta na tena kabla ya korosho, wakati fundi ana nafasi na kipuri kinachokosekana kinaweza kuagizwa Dar es Salaam bila haraka.